Kabla ya kusifia kambi, ulizeni choo kiko wapi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa nafundisha, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Taarifa yenu ya kurasa mbili kuhusu kambi zenye mandhari nzuri nje ya njia kuu za watalii imenishinda kunyamazia. Picha zimependeza, hilo siwanyimi. Lakini katika kurasa zote mbili hamkumwambia msomaji atachota wapi maji, atajisaidia wapi, wala taka zake atazipeleka wapi.

Nakubaliana nanyi kwamba tumezoea kuitazama nchi hii upande mmoja. Mtu akipata likizo anawaza Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, basi. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna Kitulo, inayoitwa Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda ulioinuka mita 2,600 hivi na wenye aina zipatazo 45 za maua ya okidi. Tuna Ziwa Ngozi lililotulia ndani ya kreta ya volkano. Tuna Mlima Rungwe, na tuna Matema, ambako Milima ya Livingstone inashuka mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Ukienda Rukwa utakuta maporomoko ya Kalambo yakianguka zaidi ya mita 200 bila kugusa kitu. Wananchi waje, walale kwenye mahema, watoto wao waone nyota. Nimelitaka hilo maisha yangu yote na wanafunzi wangu wanajua.

Ila mngewaambia ukweli. Mmeandika kwamba wakati mzuri wa kuja huku ni Desemba hadi Aprili maua yanapochanua, mkaishia hapo. Wakati wa maua ndio wakati wa mvua. Barabara ya kupandia Kitulo, ile ya kutoka Chimala kwenda Matamba, inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake, na dereva anayeipanda mara ya kwanza kwenye tope, ana watoto nyuma na mizigo juu ya gari, alistahili kuonywa. Na anayekimbia mvua akaja Juni au Julai atakutana na usiku ambao umande unaganda kwenye majani. Mablanketi mawili ya Dar es Salaam hayamfai kitu.

Sasa niseme kilichonikera hasa. Kambi mojawapo mliyoisifu naifahamu. Sitaitaja, ninyi mnaijua, ndiyo ile mliyoiwekea picha kubwa ya machweo. Desemba iliyopita mdogo wangu alikuja kutoka Dar es Salaam na mkewe na watoto, wakataka tulale huko pamoja, nami nikafuatana nao. Tulifika alasiri, ukungu ukiwa umeanza kushuka. Choo kipo, ni kibanda cha mabati, lakini kina kufuli lenye kutu. Tukaambiwa ufunguo anao kijana fulani anayekaa bondeni, na simu yake haipatikani. Pale pa kusimamisha mahema palikuwa na mashimo ya moto, kila kundi limechimba la kwake, na kuzunguka mashimo hayo makopo ya samaki, chupa za maji, vifuniko, nyama choma iliyobaki ikioza kwenye karatasi ya bati. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima, lakini chupa za plastiki zimebaki, na zote zinaonekana zimehamia pale. Kabla hatujamaliza kupiga hema la kwanza, binti wa mdogo wangu, wa miaka saba, akakanyaga chupa ya bia iliyovunjika iliyofunikwa na nyasi. Kigae kilipita kandambili kikaingia kwenye unyayo. Mama yake alichana kipande cha kanga akamfunga, tukamwoshea kwa maji tuliyokuwa tumebeba ya kunywa, kwa hiyo asubuhi ikabidi niende kutafuta maji mengine. Nilifuata kijia kinachoteremka kutoka kambini kwenda kwenye chemchemi. Mhariri, kijia kile sikuweza kukipita nikiwa nimeinua macho. Kwa kuwa choo kimefungwa, kila aliyelala pale ameshuka hatua chache kwenye nyasi akajisaidia, na juu ya nyasi zile karatasi na pampasi za watoto zimetapakaa, na mvua inaponyesha vyote vinakwenda chini. Chini ndiko iliko chemchemi. Nilikuta kina mama wawili wakijaza madumu. Mmoja nilimfundisha darasa la nne. Aliweka dumu lake chini, akaniamkia, nikamuuliza kama maji yale wanakunywa. Akasema, "Mwalimu, wageni wakiwepo tunachemsha. Wasipokuwepo tunakunywa hivyo hivyo." Nikamuuliza kuni za kuchemshia wanapata wapi msimu wa mvua. Hakunijibu, akajitwika dumu akapanda. Mimi nimekaa na sura ya yule mama hadi leo, na taarifa yenu ilipokuja ikisema kwamba hapo msafiri atapata maji safi ya mlimani, nililiweka gazeti chini.

Tulipokuwa tunakunja mahema akatokea kijana kwenye bodaboda akidai shilingi elfu kumi kwa kila hema. Nikamwomba risiti, akasema hana, ni mchango wa usafi wa mazingira. Usafi upi? Nikamwonyesha mguu wa mtoto. Akapunguza hadi elfu tano. Tulilipa kwa sababu mdogo wangu hakutaka ugomvi mbele ya watoto, na niliposhuka kijijini kuulizia fedha hizo zinaingia wapi sikupata mtu mmoja anayejua.

Na tukiwa bado huko huko milimani, kuna jambo jingine. Vijana wetu wakikamatwa wanachimba chikanda, vile viazi vya okidi vinavyosafirishwa kwenda Zambia, wanashtakiwa, na ni sawa, maana uchimbaji huo ulikuwa unalimaliza ua lenyewe na ni moja ya sababu za kuifanya Kitulo kuwa hifadhi. Lakini nimewaona wageni wenye magari mazuri wakiteremka pembeni mwa barabara, wanang'oa okidi na mizizi yake, wanaifunga kwenye gazeti, wanaondoka nayo kwenda kuipanda nyumbani. Okidi ya Kitulo haiishi kwenye kopo la Mbezi, Dar es Salaam. Itakufa, na mwaka unaofuata watang'oa nyingine. Kwa hao sijawahi kusikia kesi. Mwenyeji anauona upendeleo huo, na ndiyo maana ukimwambia alinde mazingira anakutazama tu.

Hali mwenyeji ndiye mlinzi pekee aliyepo saa zote. Yule nyani kipunji, ambaye watafiti walimthibitisha 2003 katika milima hii ya Rungwe na Livingstone, walimfikia kwa kusikia habari zake kwa wawindaji wa huku. Watu walishamjua na jina walishampa. Watu wa namna hiyo ndio mnaowapita kwa gari mkienda kupiga picha, halafu kambi inakabidhiwa kwa mtu wa mbali mwenye ufunguo mmoja na simu iliyozimwa.

Dawa yake si mradi mkubwa. Choo cha matundu mawili kichimbwe upande wa pili wa mteremko, si chini ya mita 60 kutoka kwenye chemchemi, na kiachwe bila kufuli. Kama lazima kiwe na kufuli, ufunguo akae nao mama anayeuza chai na viazi pale njia panda, maana yuko pale tangu alfajiri mpaka giza linapoingia na kila gari linapita mbele yake. Huyo huyo apewe kitabu cha risiti chenye muhuri wa kijiji. Kila mgeni akifika akabidhiwe kiroba kimoja kitupu cha viazi na aache dhamana ya shilingi elfu ishirini. Akirudisha kiroba kikiwa na taka zake, anachukua fedha yake yote. Akirudi mikono mitupu, dhamana inaingia kwenye mfuko wa maji wa kijiji. Kilimanjaro wanapima taka kwenye mizani getini na watu wanatii, hata wazungu. Mahema yasizidi manane kwa usiku mmoja, na idadi hiyo iandikwe kwa rangi nyeupe kwenye bati njia panda, si kwenye karatasi ambayo mvua itaifuta. Shimo la moto liwe moja, limezungushiwa mawe, na anayetaka kupika peke yake aje na jiko lake dogo la gesi.

Nanyi gazeti mna sehemu yenu. Mkisifia kambi nyingine, chini ya picha andikeni maji yako wapi, choo kiko wapi, kambi iko chini ya kijiji gani, na gari dogo linafika miezi ipi. Mistari minne inatosha. Mwandishi akishindwa kuijaza, picha isichapwe mpaka atakapokwenda kulala hapo usiku mmoja wa Julai na kumpata mwenye ufunguo.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya