Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapenda Filamu

Ndugu wanachama,

Niwashukuru mliofika. Viti vilivyo wazi mnaviona wenyewe.

Shughuli za kawaida zilifanyika kama mnavyojua: maonyesho ya kila mwezi, semina ya uandishi wa miswada, na matengenezo ya projekta, ambayo niliyasimamia mwenyewe. Ada shilingi 760,000, viingilio 380,000, matumizi 1,085,000, salio 55,000, deni la ukumbi 180,000. Wanachama 61, waliolipa ada 19. Waliobaki wamelipa ahadi.

Sasa nije kwenye lililozua maneno, yaani uamuzi wa Kamati Tendaji kuonyesha A.K., filamu kuhusu mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa akiwa kazini, usiku wa sherehe ya chama. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliwakalisha watu kutazama Wajapani wakisubiri ukungu uondoke. Kwanza, kura ilipigwa kamatini, na yangu ilikuwa moja tu. Pili, tangazo lilieleza wazi kwamba ni dokumentari. Aliyeona jina la Kurosawa, anayejulikana kwa filamu za samurai, akaja kutafuta vita, hilo si la kamati.

A.K. ni kazi ya Mfaransa Chris Marker ya mwaka 1985. Aliipiga kwenye miteremko ya Mlima Fuji wakati Akira Kurosawa, mzee wa zaidi ya miaka 70, akitengeneza filamu yake Ran, kisa cha mtawala na wanawe watatu kilichochota mengi kwenye King Lear ya Shakespeare. Ni kweli, kusubiri kumo kwingi. Lakini sisi tunasema tunataka kutengeneza filamu. Hiki si kibanda umiza. Mle mnaona kamera tatu zikinasa tukio moja kwa pamoja, na waigizaji wa ziada wakivumilia mvua ndani ya deraya. Mnamwona Ishiro Honda, mwongozaji wa Godzilla ya 1954, akifanya kazi chini ya rafiki yake Kurosawa bila kinyongo. Mtu mwenye jina kama lile, msaidizi! Kwetu hapa kuna mjumbe aliyejiuzulu kwa kunyimwa kipaza sauti.

Kuna pia ule usiku wanapopaka nyasi ndefu rangi ya dhahabu kwa ajili ya tukio ambalo mwishowe halikuingia kwenye Ran. Baadhi yenu mlicheka, mkasema hasara. Mimi naona somo hilo peke yake lilitosha thamani ya ada yenu, kama mngeilipa. Na filamu yote haifiki hata dakika 80. Waliolalamika zaidi walikuwa wameshatoka nje kabla ya nusu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuonyesha Ran yenyewe, kutafuta ukumbi wa kudumu, na kuangalia uwezekano wa kutengeneza filamu fupi ya chama. Yote yatategemea hali ya mfuko. Mhazini amekaa karibu na mlango, ana kitabu cha risiti.