Maganda ya konokono yarudishwe ziwani

Mhariri,

Nanunua dagaa na migebuka hapa Ujiji, na kila kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, linapovutwa ufukweni naona lundo la maganda ya konokono likitupwa mchangani. Watu huyaita uchafu. Yatikise uone: ndani mna visamaki hai.

Ziwa Tanganyika lina konokono wake mkubwa, Neothauma, asiyepatikana ziwa jingine. Akifa, ganda lake hubaki chini miaka mingi, na jamii kadhaa za samaki hawana nyumba nyingine. Wapo wadogo wasiofikia hata sentimita 5, wenye milia ubavuni, wanaoishi pamoja kama ukoo. Huchimba mchanga kwa midomo kufukua maganda, hutaga humo, na hatari ikitokea kila mmoja huingia lake.

Anayenifurahisha zaidi ni samaki mwingine, ambaye dume wake hukusanya maganda kwa mdomo, moja moja, mengine akiyaiba kwa jirani pamoja na jike aliyemo! Ukubwa wa dume huyo ni sawa na wa majike kadhaa. Lazima awe hivyo, la sivyo hawezi kubeba; na jike lazima awe mdogo apate kuingia.

Kokoro limepigwa marufuku, lakini linavutwa usiku na mchana. Naomba maofisa wanaokuja kupima macho ya nyavu waangalie na lile lundo, na wavuvi wayarudishe maganda majini kabla jua halijayapata.

Mama muuza dagaa,
Ujiji, Kigoma