Kisu cha kwenda nacho porini

Mwanangu Baraka,

Marahaba, huku hatujambo. Baba yako yuko na kahawa yake tangu asubuhi, mvua zimeanza vizuri. Picha uliyonitumia ya kisu unachotaka kwenda nacho milima ya Uluguru nimeiona, nikaikuza mpaka ikapoteza sura. Hicho kisu usinunue.

Najua kinavutia. Bapa refu, mgongo wenye meno ya msumeno, mpini wa bomba wenye dira kwenye kifuniko, na ndani umewekewa viberiti na ndoano za samaki. Lakini hebu jiulize, kama mpini ni bomba tupu, bapa limeshikwa na nini? Limeshikwa shingoni tu, kwa nati au kwa kuchomelewa. Siku utakapolipigilia kwenye gogo, hapo ndipo litakapokatikia, na hujui kipande chenye makali kitarukia mguu wa nani. Yale meno nayo ni ya picha za sinema. Hayakati mti, yanakwama, halafu yanakunyima mahali pa kuweka kidole gumba unapochonga.

Kitu cha kwanza kuangalia kwenye kisu cha porini ni msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Kiwe kipande kimoja na bapa, kifike mpaka kitako cha mpini, na kiwe kipana kama bapa. Ukiugeuza mpini uone mstari wa chuma katikati ya mbao mbili, na ribiti, yaani vipini vya chuma vya kufungia, zimepita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Gonga mpini mezani usikilize. Ukisikia chochote kinacheza, mrudishie mwenye duka. Ndiyo maana pia nakukataza kisu cha kukunja kwa kazi hii. Kile ni kizuri mfukoni, kumenyea chungwa, lakini ile bawaba ndiyo udhaifu wake.

Ukubwa usikudanganye. Bapa la sentimita 10 hadi 12 linatosha, unene milimita 3 au 4 mgongoni. Kazi za kambini ni zipi? Kukata kamba, kuchonga vigingi vya hema, kukata nyama na vitunguu, na kupasua kuni. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusumbua Uluguru. Milima ile inapata mvua nyingi, hasa upande wa mashariki, na kuni mtakazookota chini zitakuwa zimelowa. Zimelowa nje lakini, ndani zina ukavu. Simamisha kipande chenye unene wa mkono wako juu ya gogo, weka makali katikati, kisha gonga mgongo wa kisu kwa fimbo nzito mpaka kipasuke. Pasua tena vipande vyembamba, halafu chonga nyuzinyuzi za kuwashia kutoka ule moyo mkavu. Kisu chembamba cha jikoni hakihimili hayo. Na kabla ya yote muulizeni mwongozaji wenu kama moto unaruhusiwa mahali mtakapolala, kwa sababu ile ni hifadhi, na kukata mti ulio hai ni kosa. Kuni za kuokota nazo zina utaratibu wake.

Utasema, mbona Wamasai wanatembea na sime maisha yote? Sime ni silaha nzuri na ni nyepesi, lakini ina makali pande zote mbili. Haina mgongo wa kugonga wala wa kusukuma kwa kidole. Panga nalo lina kazi yake, kufyeka na kukata tawi nene. Mmoja wenu alibebe, si kila mtu.

Sasa chuma. Hapa nitaongea kidogo zaidi, univumilie, maana nimekulia kwenye moshi wa mhunzi. Babu yako kule kwetu Mamba alikuwa akipenda springi za lori kuliko chuma chochote, na mimi ndiye niliyekuwa nikivuta mvukuto, ile mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Springi ina kaboni ya kutosha, kama asilimia 0.6, ndiyo maana inakubali kutiwa matiko, yaani kupashwa moto na kupozwa ghafla ili iwe ngumu. Babu alikipasha chuma mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta. Hapo kimekuwa kigumu, lakini ukikidondosha sakafuni kinaweza kupasuka. Kwa hiyo alikisugua king'ae, akakirudisha kwenye moto mdogo na kukikodolea macho mpaka rangi ya manjano ikatambaa usoni mwa chuma, akakitoa papo hapo. Akichelewa, rangi inaelekea kwenye zambarau na buluu, na makali yanakuwa laini. Wapo wanaofua visu kwa nondo au bati nene. Vinang'aa dukani, ila havishiki makali.

Kupima ni rahisi. Nenda na tupa ndogo, umwombe muuzaji ruhusa, uipitishe taratibu karibu na makali. Ikiteleza, chuma kimeiva. Ikiuma na kutoa unga, kimepikwa nusu. Kisha kielekeze kisu kwenye mwanga, makali yakutazame. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari unaometa, hapo ni butu au pameliwa.

Chuma cha kaboni kinanoleka haraka hata kwa jiwe la mtoni, ila kinapata kutu usiku mmoja tu ukikiacha na maji ya limau au chumvi. Kifute, kipake mafuta ya kupikia kidogo, basi. Chuma kisichoshika kutu kina kromi, metali inayozuia kutu, angalau asilimia 10.5, na kunoa kwake kunahitaji subira. Nakujua wewe na vyombo vya jikoni. Ukinunua cha dukani, chukua kisichoshika kutu.

Kama utaamua kuagiza cha kiwandani, tafuta vya Morakniv, vinatengenezwa Mora kule Sweden. Ile Companion ni ya bei nafuu, bapa lake kama sentimita 10, unene milimita 2.5, na inakata vizuri sana, ila msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Kwa kupasua kuni nzito wana Garberg, milimita 3.2, msuka mpaka kitakoni. Bei yake iko juu. Mimi ningekwenda kwa mhunzi wa huku nimpe kipimo kwenye karatasi. Hakitakuwa na kromi, kwa hiyo utalazimika kujifunza kukifuta.

Ala usiisahau. Kigeuze kisu kichwa chini kikiwa ndani ya ala, ukitikise. Kikitoka, hiyo ala itakuumiza. Ukichonga, kaa viwiko vikiwa juu ya magoti, kata kuelekea nje, wala usichonge katikati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita hapo, na toka kambini hadi hospitali ni mbali. Kwenye basi kiweke chini kabisa ya begi, siyo kiunoni. Ukipanda ndege kiende na mizigo ya chini, la sivyo watakunyang'anya.

Mhunzi ninayemfahamu anataka nimpelekee springi mwenyewe, na fundi magari wa hapa jirani anazo chakavu. Nipimie upana wa kiganja chako, kutoka kidole cha shahada mpaka cha mwisho, akukatie mpini unaokutosha. Unitumie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nashuka Himo sokoni. Na sema kama unataka mpini wa mbao au wa pembe ya ng'ombe. Pembe ni ghali, hiyo utachangia.

Mama yako