Yah: Malalamiko Kuhusu Kabureta, Distribyuta na Taimingi ya Gari Langu

Meneja wa Karakana,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Naandika kulalamikia kazi iliyofanywa na karakana yenu kwenye gari langu, Volkswagen Beetle 1302 S la mwaka 1972 lenye injini ya 1600, na kudai kwamba lirekebishwe kwa gharama zenu. Nililileta kwenu kwa ombi lililoandikwa na mpokeaji wenu kwenye kadi ya kazi, ambayo nakala yake ninayo: kubadilisha kabureta ya zamani (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), iliyokuwa imelika kwenye ekseli ya kipepeo, yaani kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, na kuvuta hewa pembeni, kisha kupanga upya taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Hakuna mahali popote kwenye kadi hiyo palipoandikwa kwamba distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ibadilishwe, wala sikupigiwa simu kuulizwa.

Nilipolifuata gari nilikuta kabureta mpya imefungwa, na hilo ndilo nililoagiza. Lakini distribyuta yangu ya awali, iliyokuwa na vakyumu (sehemu inayowahisha cheche kwa mvuto wa hewa), haikuwepo tena. Mahali pake palifungwa distribyuta ya aina ya 009 isiyo na vakyumu kabisa, na tundu la vakyumu kwenye kabureta lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mpira kilichokazwa kwa skrubu. Kwenye hesabu yenu niliona shilingi 350,000 za kabureta, 180,000 za distribyuta na 120,000 za ufundi. Nilililipia gari ili nilitoe, kwa sababu niliambiwa bila malipo kamili halitatoka getini, na mpaka leo nimepewa karatasi ya mkono tu, si risiti ya EFD.

Matatizo yalianza siku hiyohiyo. Kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, gari linanguruma vizuri, hata kupita kiasi, lakini nikikanyaga mafuta kuondoka, injini inasita, inapiga chafya kupitia kabureta, halafu ndipo inashika. Mtu anayeingia barabara kuu ya Moshi kutokea Tengeru, huku malori na mabasi yanashuka kwa kasi, ataelewa maana ya gari kusita katikati ya njia. Likishapata moto, kuliwasha upya ni kazi: stata inazunguka kwa kukwama kwama kana kwamba betri imekufa, ilhali betri ni nzima. Na kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, nikiwa na mke wangu na watoto, injini iligonga kwa sauti ya chuma mfululizo hadi nikalazimika kusimama pembeni kuiacha ipoe.

Nililirudisha kwenu. Msimamizi wenu wa zamu aliniambia mambo matatu: kwamba gari za zamani haziwezi milima, kwamba kusita kule kunatokana na hewa nyembamba ya Arusha, na kwamba distribyuta yenye vakyumu haipatikani tena. Mafundi wakabadilisha kontakti pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayofunguka ili cheche itoke), wakasikiliza injini, wakasema iko sawa. Haikuwa sawa. Ndipo nikalipeleka kwa fundi mwingine aliyezoea magari haya, akalipima mbele yangu kwa vifaa, na alichokiona ndicho kiini cha barua hii.

Nianze na distribyuta, kwa sababu mengi ya makosa mengine yametokana nayo. Kabureta mliyofunga imetengenezwa kwa kufuata Solex 34 PICT-3, na kabureta ya aina hiyo ilibuniwa ifanye kazi pamoja na distribyuta yenye vakyumu. Dereva anapokanyaga mafuta kutoka kwenye sailensi, kipepeo hufunguka ghafla, hewa huingia kwa wingi kabla petroli haijaifuata, na kwa muda mfupi mchanganyiko huwa na petroli kidogo. Pampu ndogo ya kabureta hurusha petroli kuziba pengo hilo, lakini peke yake haitoshi. Mchanganyiko wenye petroli kidogo huungua polepole, kwa hiyo cheche lazima iwahi zaidi, na kuiwahisha hapo ni kazi ya vakyumu: mvuto wa hewa kwenye kabureta hunyonya kiwambo, kiwambo huvuta sahani iliyobeba pointi, na cheche huwahi papo hapo bila kusubiri mizunguko ipande. Distribyuta ya 009 haina kiwambo. Yenyewe huwahisha cheche kwa vyuma vya uzito vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, kwa hiyo wakati ule wa kuondoka, injini inapohitaji msaada zaidi, haitoi chochote. Sisemi kwamba 009 ni kifaa kibovu, maana wapo wengi wanaoitumia. Ila anayeifunga pamoja na kabureta hii anapaswa kujua kwamba gari litasita, na kwamba jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli, zitahitaji kuangaliwa upya. Kwenye gari langu jeti hazikuguswa.

Fundi yule aliunganisha taa ya taimingi yenye kipimo cha digrii. Kwenye sailensi cheche ilikuwa inatoka takriban digrii 20 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu, ambapo kwa distribyuta ya 009 ingetarajiwa kati ya 7.5 na 10. Akapandisha injini kupita mizunguko 3,000 kwa dakika, na kipimo kikasoma digrii 42. Injini hii haitakiwi kuzidi kati ya 28 na 32. Alifungua plagi zote nne na kuziweka juu ya kitambaa: kauri zilikuwa nyeupe kama chokaa, na mbili kati yake zilikuwa na vidoadoa vidogo vya kung'aa pembeni ya ncha, dalili ya joto lililopita kiasi.

Hapo nikaelewa kilichofanyika. Mafundi wenu walifunga distribyuta isiyolingana na kabureta, gari likasita, nao badala ya kurudisha ile ya awali wakazungusha distribyuta huku wakisikiliza, hadi injini ikaitika haraka zaidi. Taimingi ilipangwa kwa sikio. Sikio hupenda cheche iliyowahi, kwa kuwa sailensi hupanda na injini husikika kali, lakini halisikii kinachotokea kwenye mizunguko 3,000 gari likiwa na mzigo mlimani. Kuwasha kwa shida wakati wa moto kunatoka hukohuko: cheche inalipua mapema mno na kuisukuma pistoni irudi nyuma ilhali stata inaivuta mbele.

Naomba uzito wa jambo hili ueleweke. Injini hii inapozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina maji, na gari lenyewe halikutoka kiwandani na geji ya joto. Dereva ana taa ya oili peke yake, na taa hiyo husema presha ya oili imeshuka, haisemi vichwa vya silinda vimepata moto. Kwenye gari la maji, mshale ungepanda na mtu angesimama mapema. Kwenye hili, onyo la kwanza linaweza kuwa pistoni iliyotoboka. Kupanga taimingi ya injini kama hii bila taa ya taimingi ni kumpokonya mwenye gari kinga yake ya pekee.

Kosa la tatu liko kwenye kabureta yenyewe. Kwenye 34 PICT-3, mwendo wa sailensi hurekebishwa kwa skrubu kubwa ya hewa ya pembeni, na mchanganyiko kwa skrubu ndogo iliyo jirani yake. Skrubu ya kipepeo, ile inayogusa ngazi za choki, huingizwa mpaka iguse tu, kisha robo mzunguko, basi, haiguswi tena. Yangu ilikuwa imeingizwa mizunguko kadhaa. Kipepeo kikibaki wazi kiasi hicho, njia ndogo za petroli za sailensi hupoteza kazi yake, skrubu ya mchanganyiko hubaki haina la kufanya ukiizungusha, na hata distribyuta yenye vakyumu ingerudishwa leo, ingevutwa wakati usiotakiwa. Ndiyo maana naomba marekebisho yasiishie kwenye distribyuta.

Kuhusu pointi mlizobadilisha nilipolirudisha gari, nafasi yake ilikutwa pana kuliko milimita 0.4 inayotakiwa. Pointi zikiwa pana hufunguka mapema, na cheche huwahi zaidi. Kila fundi anayefanya kazi hii hujua utaratibu: pointi kwanza, taimingi baada ya pointi, kabureta mwisho. Mafundi wenu waligusa pointi mwishoni na hawakupima taimingi tena, kwa hiyo hata kama ingekuwa sahihi siku ya kwanza, wangekuwa wameiharibu.

Sasa nijibu hoja za msimamizi wenu. Hewa nyembamba ya mwinuko wetu hufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi, si kidogo, na plagi za gari la namna hiyo huwa nyeusi kwa masizi. Zangu zilikuwa nyeupe. Zaidi ya hayo, gari hili limeishi Arusha miaka mingi na distribyuta yake ya awali, likiwa limepangwa digrii 7.5 mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa, na halikuwahi kusita. Ama kuhusu milima, Beetle ilishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara ambazo hazikuwa na lami tuliyonayo leo. Na kauli kwamba distribyuta yenye vakyumu haipatikani tena haina msingi. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Distribyuta zenye vakyumu bado zinatengenezwa na kuuzwa. Isitoshe, yangu haikuwa mbovu. Kiwambo chake kilikuwa kinashika ukikinyonya kwa mdomo, nami nilikuwa nimekijaribu mwenyewe kabla ya kulileta gari kwenu.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipitia kwa haraka, kwa sababu lingeweza kuua. Mpira wa petroli kutoka pampu hadi kabureta ulikuwa umechomekwa bila klipu upande wowote, na chujio la plastiki lilikuwa linaning'inia juu ya distribyuta, likitikisika pamoja na injini. Kwenye gari hili injini iko nyuma, dereva haioni, na moshi hauoni mpaka awe amechelewa. Petroli inayodondokea kwenye distribyuta ambayo ndani yake pointi zinarusha cheche muda wote ni moto unaosubiri wakati wake. Klipu mbili ni bei ya soda. Tulipanda mlima ule wa Mto wa Mbu na kushuka tukiwa na watoto kwenye kiti cha nyuma, kiti ambacho kimetenganishwa na injini hiyo kwa bati na kapeti tu. Nilipoonyeshwa mpira ule ukitoka kwa kuvutwa na vidole viwili, nilikosa la kusema.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Kwanza mnirudishie distribyuta yangu ya awali na kabureta ya zamani, vyote viwili, kwa kuwa ni mali yangu na sikutoa ruhusa vitupwe. Kama distribyuta imepotea au imeuzwa, mnitafutie yenye vakyumu inayolingana na injini hii. Mnirudishie shilingi 180,000 za distribyuta ambayo sikuiagiza, pamoja na zile 120,000 za ufundi. Kazi irudiwe nikiwepo, kwa utaratibu unaotakiwa, na taimingi isomwe kwa taa kwenye sailensi na pia juu ya mizunguko 3,000, vipimo viandikwe kwenye kadi ya kazi na kusainiwa na fundi aliyevisoma. Msikubali fundi aniambie kuwa namba moja inafaa kila distribyuta: zipo za kiwandani zenye mipira miwili ambazo hupangwa digrii 5 baada ya pistoni kupita juu, na ukiziwekea 7.5 kabla, unaharibu. Mpira wa petroli ufungwe klipu, chujio lihamishwe mbali na distribyuta. Mwisho, mpime kompresheni ya silinda zote nne, na iwapo pistoni au kichwa kitakutwa kimeathirika kwa joto, matengenezo yawe juu yenu. Risiti halali ya EFD kwa malipo niliyokwishafanya naihitaji bila kujali yatakayoamuliwa katika mengine.

Ninazo picha za plagi, za skrubu ya kipepeo, za tundu la vakyumu lililozibwa na za mpira usio na klipu, pamoja na maelezo ya fundi aliyepima, kwa maandishi. Nitazileta mkinipangia siku ya kukutana. Gari kwa sasa limeegeshwa nyumbani na sitaliendesha mpaka litengenezwe.

Natarajia majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Muda huo ukipita bila majibu, nitawasilisha malalamiko haya pamoja na vielelezo vyake Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji anayeuziwa bidhaa na huduma, na suala la risiti nitalifikisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Ningependelea tulimalize sisi wenyewe, karakanani, taa ya taimingi ikiwa imewashwa na boneti ya nyuma ikiwa wazi.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa gari