Damu chooni isifichwe kwa haya

Mhariri,

Baba yangu mdogo alikuwa akifua kikoi chake mwenyewe usiku ili tusione madoa ya damu, akijitibu bawasiri kwa mitishamba, hadi kipimo cha kamera kilipoonyesha uvimbe kwenye utumbo mpana. Ni kweli kwamba damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu mara nyingi hutokana na bawasiri au mchaniko wa ngozi kwenye njia ya haja kubwa, lakini wa kuthibitisha hilo ni daktari aliyempima mgonjwa. Damu inayojirudia, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa au kukonda bila sababu vinahitaji uchunguzi, hata kwa kijana. Choo cheusi kama lami, damu nyingi au kizunguzungu ni hospitali siku hiyo hiyo. Nawaomba wahudumu wa afya watuulize waziwazi, kwani wazee wetu hawatalitaja wenyewe.

Msomaji wako,
Tanga