Chupa ya vamuthi ikae kwenye friji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nisahihishe maelekezo ya kutengeneza martini nyumbani yaliyotolewa katika ukurasa wa mapishi, toleo la mwisho wa wiki iliyopita. Mwandishi aliwashauri wasomaji wachanganye jini na soda ya limau kwa kiasi sawa, watikise kwa nguvu mpaka povu litoke, kisha wapambe glasi kwa kipande cha tunda. Kinywaji hicho huenda kikamfurahisha anayekinywa, wala simkatazi, lakini kukiita martini ni kumpotosha msomaji. Nilisimama nyuma ya kaunta za hoteli za kitalii jijini Arusha kwa miaka 26 kabla ya kurudi nyumbani Moshi, na kazi ile naiheshimu kiasi kwamba nimeshindwa kunyamaza.

Martini ina vinywaji viwili tu ndani yake: jini, na vamuthi (vermouth), divai yenye mitishamba, ile nyeupe iliyo kavu, yaani isiyo na utamu. Kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa ni mililita 60 za jini kwa mililita 10 za vamuthi. Wamarekani walioianzisha mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wakitumia vamuthi nyekundu tamu, mara nyingi nusu kwa nusu, na ladha ya watu ikaelekea kwenye ukavu kadiri miaka ilivyosonga. Hapa kwetu kuna mkanganyiko mwingine, kwa sababu dukani ipo chupa iliyoandikwa Martini, na mtu akiagiza martini katika baa nyingi za Moshi humiminiwa hiyo hiyo nyekundu juu ya barafu. Chupa ile ni vamuthi ya kiwanda cha Italia chenye jina hilo. Kiwanda hicho hicho hutoa pia vamuthi kavu, na hiyo ndiyo ya kutafuta, au kavu ya kiwanda kingine chochote.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo nimeliona katika nyumba nyingi kuliko yote: kuiacha kabatini vamuthi iliyokwisha kufunguliwa. Vamuthi ni divai iliyoongezwa kileo kidogo na kulowekwa mitishamba, na jina lake limetokana na neno la Kijerumani la pakanga, mmea mchungu ule ule tunaousoma katika kitabu cha Ufunuo. Sisi Wachaga tuliokulia Kibosho hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini pombe itiwe kitu kichungu. Mama yangu alipopika mbege, pombe yetu ya ndizi, alikausha magome ya msesewe, akayatwanga, akatia kwa kipimo alichokijua mkono wake, kwa kuwa bila msesewe utamu wa ndizi unakinaisha, na ukizidi hakuna atakayemaliza kata. Pakanga katika vamuthi hufanya kazi ya msesewe. Na kama vile hakuna Mchaga atakayemkaribisha mgeni wa heshima kwa mbege iliyokaa wiki nzima, vivyo hivyo vamuthi ikishafunguliwa huanza kuharibika. Ina kileo cha takriban asilimia 16 hadi 18 tu, hivyo haivumilii kukaa kabatini kama jini au wiski. Ifungwe vizuri, ikae kwenye friji, na itumike ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Jambo hili nililijua kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, mgeni mmoja mtu mzima alionja martini niliyomtengenezea, akairudisha glasi kwenye kaunta polepole bila neno. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza, alifungua chupa ya vamuthi niliyoitumia, iliyokuwa imekaa rafuni karibu na taa tangu kabla sijaajiriwa, akaniambia ninuse. Ilikuwa na harufu ya siki na tufaha lililooza, na rangi yake, iliyotakiwa kuwa nyeupe kama maji yenye manjano kidogo, ilikuwa imegeuka ya chai. Akaimwaga yote kwenye sinki mbele yangu.

Kiungo cha tatu, ambacho ukurasa wenu haukukigusa kabisa, ni maji ya barafu. Martini hukorogwa na barafu kwa nusu dakika hivi, na katika muda huo barafu hupoza na pia huyeyuka, hata ikafika mahali ambapo robo au zaidi ya kilichomo kwenye glasi ni maji. Nilipopima jikoni kwangu, mililita 70 nilizozimimina zilitoka zikiwa 95 na kidogo. Kwa hiyo barafu itengenezwe kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa, ikae kwenye chombo chenye kifuniko mbali na samaki na nyama, na umeme ukikatika muda mrefu ikaanza kuyeyuka, imwagwe itengenezwe nyingine, kwa sababu barafu iliyoganda mara ya pili huwa imekwisha nyonya harufu za friza yote.

Vifaa havina gharama. Kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi, kile chenye mistari ya mililita, kinatosha: jini vipimo sita vya 10, vamuthi kimoja. Mimina katika jagi lililojaa barafu, koroga kwa kijiko kirefu bila pupa mpaka jagi litoke jasho na vidole vihisi baridi, kisha chuja kwa chujio la chai kwenye glasi iliyolala friza. Kutikisa kunafaa vinywaji vyenye maji ya matunda au yai, lakini hapa huvunja barafu na kuingiza hewa, na martini inayotakiwa kuwa angavu hutoka na ukungu. Mwisho weka zeituni moja, au kata ganda jembamba la limau, lile la manjano na si ndimu, ulikunje juu ya glasi ili mafuta yake yarukie kinywaji. Ukiinamisha glasi kwenye mwanga utayaona yakielea. Anayetumia Konyagi, yenye asilimia 35, badala ya jini ya asilimia 40, akoroge kwa muda mfupi zaidi. Niliwahi kuijaribu nayo haikuwa mbaya.

Ukurasa wenu ungemtahadharisha msomaji pia kwamba glasi hiyo ndogo ina kileo sawa na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5, na hunyweka haraka zaidi. Mimi huishia moja, na sishiki usukani usiku huo.

Naomba maelekezo yale yarekebishwe katika toleo lijalo, hasa sehemu ya soda. Mpwa wangu anayeishi Majengo ameyakata gazetini na kuyabandika kwenye mlango wa friji yake, na Jumamosi ijayo ana wageni.

Wako,
Mhudumu wa baa mstaafu,
Moshi