Salamu za Pasaka, na Kumbukumbu ya Mwalimu Elisabeth

Bwana amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Ndugu zangu, heri ya sikukuu. Mama zangu mnaoamka alfajiri kupika, baba zangu mliosafiri usiku kucha ili mle na watoto, wanakwaya ambao sauti zimekauka tangu Ijumaa Kuu, na ninyi mabinti mliorudi kutoka bweni: hongereni kwa kuifikia siku hii.

Kwaresima hii nzima nimekuwa nikimfikiria mwalimu mmoja Mjerumani, Elisabeth von Thadden. Alizaliwa mwaka 1890, akakulia kijijini Trieglaff, katika shamba kubwa la baba yake huko Pomerania, jimbo la Ujerumani wakati huo. Mama yake alipofariki mwaka 1909, Elisabeth akabeba malezi ya wadogo zake na usimamizi wa nyumba. Alikuwa na miaka 19 tu. Mabinti wengi wa kwetu wanaujua mzigo huo, na wengi umewakatizia masomo. Yeye alisubiri zaidi ya miaka kumi. Baba alipooa tena, alikwenda Berlin kusomea kazi za ustawi wa jamii, akiwa amevuka miaka 30.

Ndoto yake ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, shule ya Kikristo ambamo binti angefundishwa kufikiri na kusimama kwa miguu yake. Aliifungua mwaka 1927 katika kasri la Wieblingen, kando ya mto Neckar, huko Heidelberg. Na aliifungua wakati wa Pasaka, kwa sababu siku zile mwaka wa masomo wa Ujerumani ulianza Pasaka. Kwa watoto wa enzi hizo, ufufuo na daftari jipya vilikuja pamoja. Mimi naupenda sana utaratibu huo.

Wanazi wa Hitler waliposhika nchi mwaka 1933, shule nyingi zilianza kuwafukuza watoto wa Kiyahudi. Mwalimu Elisabeth aliendelea kuwapokea, na Biblia iliendelea kusomwa. Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu kila nikiwaza habari zake. Alikuwa na shule aliyoihangaikia miaka na miaka, na angeweza kujiambia kwamba binti mmoja au wawili waondoke ili wengine mia wasome. Hoja hiyo tunaijua, tumeisikia kwenye vikao vyetu pia, pale binti mwenye ujauzito au asiye na ada anapojadiliwa kana kwamba ni doa. Yeye hakuikubali.

Mwaka 1941 serikali ikamnyang'anya shule, ikisema shule hiyo haitoi uhakika wa kutosha kwamba watoto watalelewa Kinazi. Sijui kama kuna mwalimu mkuu aliyewahi kuandikiwa sifa njema kuliko hiyo.

Akajiunga na Msalaba Mwekundu. Septemba 1943, Berlin, kwenye chai ya siku ya kuzaliwa, wageni walizungumza wazi kwamba Ujerumani inashindwa vitani na kwamba nchi itahitaji kujengwa upya. Kati yao alikuwamo daktari kijana, Paul Reckzeh, aliyetumwa na polisi wa siri. Januari 1944 Elisabeth alikamatwa akiwa kazini Ufaransa. Alipitia kambi ya wanawake ya Ravensbrück, akahukumiwa kifo tarehe 1 Julai, na tarehe 8 Septemba 1944 alikatwa kichwa katika gereza la Plötzensee. Alikuwa na miaka 54. Husimuliwa kwamba alikwenda akitamka ubeti wa wimbo wa Paul Gerhardt, ubeti wa kumwomba Bwana aikomeshe taabu yetu yote. Gerhardt ndiye pia mtunzi wa ule wimbo wa Ijumaa Kuu, wa kichwa kilichojaa damu na majeraha.

Wanawake wa kwanza kwenda kaburini alfajiri walikwenda wakiwa na manukato ya maziko. Hawakutegemea kitu kingine. Elisabeth naye hakuuona ufufuo wa shule yake. Vita vilipokwisha shule ilifunguliwa tena palepale Wieblingen, ikapewa jina lake, na mpaka leo inasomesha.

Basi salamu zangu za mwaka huu nazielekeza kwanza kwenu, walimu wakuu na matroni wa shule za wasichana, hasa mliompokea binti ambaye wengine walimkataa na mkasemwa kwa hilo. Mungu awatie nguvu mikono. Kwenu wazazi, likizo ikiisha mabinti warudi darasani na mahitaji yao yote, kama wanavyorudi kaka zao. Nanyi mabinti, kuleni, pumzikeni, wasalimieni bibi na babu kabla ya kuondoka.

Pasaka njema kwenu nyote.